KAMBI IKIONDOKA, SHAMBA NI LA NANI?



Katika ukurasa huu tufikiri pamoja juu ya swali moja ambalo limeingia katikati yetu. Askari wakikaa pahali miaka mingi, kisha wakaondoka, udongo waliouacha ni wa nani, na ufanyiwe kazi gani? Wengi wanajibu haraka: pajengwe shule, pajengwe soko, pajengwe kanisa, na neno liishe. Jibu hilo lina wema ndani yake, lakini linaruka hatua moja. Hatua ile inayorukwa ndiyo ninayotaka kuisema leo, maana inatugusa sisi wenyewe.

1. Kambi nyingi zimepita kwetu

Sisi watu wa Fizi tunajua kambi. Mwaka wa 1965, kuanzia mwezi wa Aprili mpaka Novemba, Che Guevara na Wakuba wenzake walikaa katika milima iliyo juu ya Kibamba pamoja na wapiganaji wa hapa. Wakaondoka usiku kwa maboti, wakavuka ziwa. Baada ya 1967 chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kilikuwa na makao yake Hewa Bora, na askari wa Mobutu wakaweka posti zao huku chini. Vikaja vita vya 1996, kisha vya 1998. Watu wa Makobola hawatasahau mwisho wa mwaka ule wa 1998 na mwanzo wa 1999. Kila kundi lililofika lilitafuta kilima kinachoona njia na ziwa, likachimba mashimo, likakata michikichi ya watu kufunika mahandaki, likala mihogo iliyokuwa shambani.

Makundi yale yalipita moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililokuja na udongo wake mgongoni. Kila kambi iliwekwa juu ya shamba la mtu, au malisho ya mtu, au makaburi ya ukoo fulani. Kwa hiyo tunaposema "uwanja wa kambi" tujue kwamba hilo ni jina la pili. Jina la kwanza lilikuwapo, na mara nyingi mwenye kulijua bado yu hai.

2. Yaliyotokea mwaka wa 2024

Tarehe 19 Desemba 2023 Baraza la Usalama la ONU lilipitisha azimio nambari 2717, baada ya serikali yetu kuomba askari wa MONUSCO waanze kuondoka. Walikuwa wameondoka Kasai mwaka wa 2021 na Tanganyika mwaka wa 2022. Sasa zamu ilikuwa ya Kivu Kusini, ambapo walikuwa na kambi 14. Ya kwanza kutolewa ilikuwa Kamanyola, tarehe 28 Februari 2024. Bendera ya ONU na ile ya Pakistani zilishushwa, ya Kongo ikapandishwa, na pahali pale pakakabidhiwa polisi wa taifa. Mwisho wa Juni 2024 kazi ya MONUSCO katika jimbo letu ilifungwa. Hatua za kufuata katika majimbo mengine ziliahirishwa kwa sababu ya vita vya Kivu Kaskazini, na mwezi wa Februari 2025 vita vile vile vilifika mpaka Bukavu na Kamanyola.

Siku zile watu walisema maneno ya namna mbili. Wengine walifurahi, wakauliza ni lini majengo yatakuwa dispensari au shule. Wengine walilia. Kule Mikenge, katika milima yetu, watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamejenga vibanda karibu na kambi ya ONU ili wapate kulala. Kwao ukuta ule ulikuwa kinga, hata kama ilikuwa kinga dhaifu. Mtu asiwacheke. Aliyekimbia mara tatu haoni kambi kama anavyoiona yule aliyelala salama.

Lakini katika maneno hayo ya furaha na ya kilio, swali la tatu lilisikika kidogo sana: kabla ya kambi, nani alikuwa analima pale?

3. Mifano ya pengine

Tuangalie mbali kidogo, tuone wengine walifanya nini.

Huko Kenya, karibu na Nairobi, Waingereza walikuwa na kambi kubwa ya askari pahali panapoitwa Kahawa. Mwaka wa 1965, baada ya uhuru, waliitoa kwa serikali ya Kenya, nayo ikaifanya chuo. Mwaka wa 1985 chuo kile kilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyumba walimolala askari wa kigeni vikapokea watoto wa nchi wenye vitabu.

Ng'ambo ya ziwa, wengi wetu tulikaa Lugufu, katika mkoa wa Kigoma, tangu 1997. Ilikuwa kambi ya wakimbizi, si ya jeshi, lakini inatufundisha jambo lile lile. Ilifungwa mwaka wa 2009, na leo pana shule za sekondari zinazochukua jina la Lugufu, za wavulana na za wasichana. Mtabila, iliyokuwa kambi ya ndugu zetu Warundi, ilifungwa mwisho wa 2012, na pale wakaingia vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kambi mbili katika mkoa mmoja, zimefungwa kwa miaka mitatu tu ya tofauti. Moja ikaenda kwenye kalamu, nyingine ikaenda kwenye gwaride. Udongo haukuchagua, watu ndio waliochagua.

Ufilipino, Wamarekani walikuwa na kituo kikubwa cha manowari katika ghuba ya Subic. Waliondoka tarehe 24 Novemba 1992. Watu wa mji wa Olongapo waliogopa kwamba kazi zitakufa na majengo yataibiwa. Maelfu wakajitolea kulinda bila mshahara, na pakafanywa bandari huru na viwanda. Ni habari ya kutia moyo. Lakini ndani ya msitu wa pale kulikuwa na wenyeji wa zamani, Waaeta, waliokaa humo kabla ya Wamarekani na kabla ya Wahispania. Kuondoka kwa manowari peke yake hakukuwarudishia haki yao. Ilibidi waendelee kudai.

Na kwenye ziwa letu lenyewe, upande wa kusini, kuna Mpala. Mwaka wa 1883 ofisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma pale. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mwaka wa 1885 boma lile wakapewa Mapadri Weupe, likawa misioni. Kambi ikawa nyumba ya sala. Lakini mwaka wa 1887 alikuja Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa, naye akaweka tena wapiganaji wenye bunduki kuzunguka misioni. Ni kweli bunduki zile zilizuia wawindaji wa watumwa, na waliookolewa walishukuru. Hata hivyo tuone wenyewe: msalaba juu ya mlango haukuondoa boma.

Mifano hii inatupa mambo mawili. La kwanza, inawezekana kabisa kambi igeuzwe kuwa kitu cha kuwasaidia raia. Tusiseme ni ndoto. Nabii Isaya, katika sura ya pili, aliona siku ambapo vyuma vya vita vitafuliwa upya viwe vyombo vya shamba, na Kahawa inatuonyesha kwamba mhunzi aweza kuanza leo. La pili, kazi njema juu ya udongo haijibu bado swali la haki ya udongo.

4. Ahabu alitaka bustani

Hapa ndipo moyo wa neno langu ulipo. Soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Alitaka kulifanyia nini? Boma? Gereza? Hapana, alitaka bustani ya mboga. Mboga ni kitu chema. Tena mwanzoni alitoa ahadi ya malipo. Nabothi akakataa, kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Basi yakafuata tunayoyajua: barua, mashahidi wa uongo, mawe.

Angalia vizuri ni mashitaka gani yaliyotumika. Nabothi alisemwa kwamba amemtukana Mungu. Jina la Mungu lilitiwa mkononi ili shamba lipatikane. Na nabii wa kweli alitumwa wapi? Eliya hakutumwa kubariki bustani mpya. Alikutana na mfalme ndani ya shamba lile lile, akamwuliza juu ya damu ya mwenye shamba.

Kwa hiyo mtu asituambie: "Sisi hatujengi kambi, tunajenga kitu cha amani, basi tuna haki." Ahabu pia alikuwa anajenga kitu cha amani. Bustani iliyopandwa juu ya dhuluma ni dhuluma yenye majani mabichi.

5. Kilima kilicho karibu nasi

Sasa niseme wazi. Kuna kilima kimoja si mbali na njia kuu ya Uvira na Baraka. Jina silitaji, maana neno lake bado linasemwa mbele ya wazee. Makundi ya silaha yalikaa juu yake kwa zamu, miaka na miaka. Mwenye shamba alivuka ziwa pamoja na jamaa yake, akafa ukimbizini. Mjane wake alirudi na watoto, akakuta mashimo pahali pa mihogo, na visiki pahali pa michikichi. Askari walipoondoka, kila mtu aliona kilima ni kizuri. Vijana wanataka kiwanja cha mpira. Wafanya biashara wanataka soko la ndagala na mawese, kwa kuwa magari yanasimama karibu. Na katika kanisa letu wako wanaotaka tujenge pale nyumba ya Bwana. Mmoja wetu alishuhudia kwamba ameona katika maono nyumba nyeupe juu ya kilima kile.

Mjane aliomba neno mbele ya wazee. Alisema kwamba mara ya kwanza alitolewa kwa bunduki, na sasa anaogopa kutolewa kwa nyimbo.

Ndugu zangu, neno hilo lilinikaa. Sisi ni kanisa linaloamini kwamba Mungu husema na watu wake hata leo. Sitaki kudharau maono ya ndugu yetu, na sidhani kwamba alisema kwa hila. Lakini maono hupimwa, na kipimo kimoja ni hiki: je, yanamwondolea dhaifu kitu chake? Kama nyumba nyeupe ni ya Mungu, Mungu anajua pia njia ya kuipata bila kumlilisha mjane. Roho aliyemtuma Eliya kwa Ahabu hawezi kututuma sisi kuwa Ahabu.

Na njia iko, imeandikwa. Katika Samweli wa Pili, sura ya 24, Daudi alihitaji kiwanja cha kupuria cha Arauna ili ajenge madhabahu. Arauna alikuwa Myebusi, mtu wa kabila jingine, wa mji uliokwisha kushindwa vitani. Mfalme angeweza kukichukua tu. Tena Arauna mwenyewe alitaka kukitoa bure, pamoja na ng'ombe. Daudi alikataa, akalipa fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Ni pale pale Sulemani alipojenga hekalu baadaye. Nyumba ya Mungu ilisimama juu ya udongo ulionunuliwa kwa mtu wa kabila jingine, kwa bei ya haki. Sisi wa Fizi, Wabembe, Wafuliru, Wanyindu, Wabuyu, Banyamulenge, na wengine wote, tulisome hilo polepole.

6. Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: "Udongo wote ni wa Leta." Ndiyo, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi ni mali ya taifa, haiuzwi. Lakini sheria hiyo hiyo ilitambua kwamba kuna ardhi zinazokaliwa na kulimwa na wenyeji kwa desturi, na katika kifungu cha 389 iliahidi kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Makumi ya miaka yalipita bila amri ile kutoka. Hivyo mkulima wa kijijini alibaki katikati: Leta haikumfukuza, na karatasi haikumpa. Mwenye nguvu huingia katika nafasi hiyo. Basi anayetaja Leta ili amnyime mjane, atimize kwanza ahadi ya Leta.

Wa pili atasema: "Je, mihogo ya mtu mmoja izuie shule ya watoto mia tatu?" Hili ni swali zito, na sitalikimbia. Haja ya wengi ni haja ya kweli. Lakini wengi wakiwa na haja, wajibu wa kulipa ni wa wengi pia. Kama shule ni ya wote, hasara nayo iwe ya wote: kila jamaa itoe kidogo, mjane apewe shamba jingine lenye udongo sawa na karibu na maji, na miche ya michikichi ipandwe kwa mikono yetu. Akikubali, shule itakuwa na baraka yake. Akikataa, tutafute kilima kingine, maana Mboko haina kilima kimoja. Kumtoa mtu mmoja sadaka kwa faida ya wengi bila kumwuliza ni hesabu ya wale wale waliochimba mashimo. Wao pia walisema wanalinda wengi.

Wa tatu atasema: "Vita havijakwisha. Acheni vilima kwa askari." Namjibu kwa heshima, kwa kuwa ninajua hofu yake ni ya haki. Leta ina wajibu wa kulinda watu wake, na pengine itahitaji pahali pa kuweka askari. Lakini hata hapo haki haifi. Ipatane na mwenyewe, ilipe, iandike ni mpaka gani na kwa muda gani. Kambi yenye mwisho ulioandikwa ni kambi ya sheria. Kambi isiyo na karatasi wala mwisho ni unyang'anyi wenye sare.

7. Tufanye nini

Kwanza, usalama. Pahali pa kambi ya zamani pana risasi, makombora na pengine mabomu ya kutegwa. Mtu asichome moto majani pale, asilime, mtoto asiokote chuma. Wekeni miti ya alama, mwambieni shefu wa lokalite, na wataalamu wa kutegua mabomu waitwe. Nchi yetu ina kituo cha kazi hiyo, CCLAM.

Pili, wafu. Aulizwe kila mzee: ni makaburi gani yako pale, ya ukoo na ya wale waliouawa wakati wa kambi? Pahali pao pafungwe kwa miti, pasijengwe kitu.

Tatu, wenyewe waitwe. Tangazo litoke katika makanisa yote na sokoni, na lipelekwe mpaka Nyarugusu kwa wale wasiorudi bado. Wapewe muda wa kutosha. Aliye mbali asihesabiwe kama aliyekufa.

Nne, mpaka uonyeshwe mchana, mbele ya majirani wa makabila yote, wanawake wakiwapo. Iandikwe karatasi, isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma, na nakala ibaki kwa sekta, kwa lokalite na kwa mwenye shamba mwenyewe.

Tano, baada ya hayo tu ndipo tuseme juu ya shule, soko, kiwanja au kanisa. Mwenye haki akitaka kuuza au kutoa, itakuwa furaha. Akitaka kulima mihogo yake, hiyo pia ni kambi iliyogeuka kuwa matumizi ya raia. Tusidharau mihogo. Mtu anayerudi kulima pale alipofukuzwa amefunga kambi kuliko bendera yoyote inayoshushwa.

Kwa kanisa letu nina ombi moja. Baraza la wazee litakapokutana juu ya kilima kile, tusitume wimbo wala shahidi wa maono mbele. Tumtume mama mmoja na shemasi mmoja kwa mjane, waende na mikono mitupu, wakae chini, wamwulize anataka nini. Jibu lake, liwe ndiyo au hapana, liletwe kama lilivyo. Na wakati huo tuendelee kusali chini ya shitingi letu lenye matundu. Mvua itatunyeshea, ni kweli. Lakini hakuna atakayepita njiani akisema: wale wanaimba juu ya shamba la watu.

Bwana awalinde, na awape amani nyumbani mwenu.

Shemasi wenu, Mboko.